Chewa Wetu wa Ukumbini

Jumatatu, 3 Juni
Tangi la kioo la mgahawani limepata mwenyewe! Samaki chewa, mzima, mnene kama mto wa kulalia. Mwili wa kahawia, madoa mekundu kama kutu tangu kichwani hadi mkiani. Midomo minene. Taya la chini limetangulia mbele kama la mtu anayejiandaa kukugombeza. Nilimkodolea macho hadi supu ya meza ya dirishani ikapoa mkononi mwangu. Bosi kasema ataliwa Ijumaa, mama mkwe wake akija. Mpishi, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, akaanza kunoa kisu papo hapo. Mshamba!

Jumanne, 4 Juni
Bosi anatafuta msimamizi. Shemeji anautaka usimamizi. Mimi pia. Nikawaza: tangi likipendeza, nitaonekana. Nikanunua visamaki vya njano na buluu, nikavimwaga humo. Chewa hakusogea. Alijikunyata ndani ya bomba la udongo, macho tu yakizunguka, moja huku, jingine kule. Nikaenda kumwita Bosi. Tunarudi, kimebaki kimoja! Chewa akafungua mdomo, fyu! Hakukimbiza. Hakutafuna. Maji yenyewe yalimletea. Bosi akauliza nilichomwitia. Nikasema nilitaka aone samaki asiyeacha mabaki.

Jumatano, 5 Juni
Siwezi kumwacha achomwe. Asubuhi nilimkuta kalala kwenye mchanga mweupe wa tangi, kapauka kama chokaa. Bahati hiyo! Nikamwambia Bosi samaki anaumwa, mama mkwe akimla tutazika. Akaja mbio. Chewa alikwisha rudi bombani: mweusi, madoa yanawaka, afya tele! Kumbe hujigeuza rangi kufuata alipolala. Kiumbe gani huyu? Mimi hata kusingizia homa kazini nashindwa.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kaketi mbele ya tangi. Shemeji kaja na wavu, mikono ya shati kaikunja. Chewa akaingia bombani, akatanua mashavu, akasimamisha miiba ya mgongo, akakwama kama kabari. Wavu haukufua dafu. Shemeji akaingiza mkono. Mimi, kwa moyo mweupe kabisa, nikamshauri aingize zaidi.

Kilio! Chewa kaudaka mkono hadi kwenye kifundo, kaung'ang'ania kwa vijino vyake vya msasa, kauachia alipotaka mwenyewe. Mama mkwe alicheka hadi machozi. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu haliwi. Nileteeni maharage." Bosi akaitika, "Ndiyo, mama."

Ushindi! Nikapumua. Ndipo mama akampongeza shemeji kwa kumchangamsha, akisema alikuwa hajacheka hivyo tangu afiwe na mumewe. Bosi naye, kwa furaha, akampa shemeji usimamizi palepale, bandeji haijafungwa vizuri. Mimi nimepewa kusafisha tangi.

Jumamosi, 8 Juni
Si haba. Kusafisha tangi ni kukaa naye. Nilipokuwa nasugua kioo alinifuata kila upande, pua kwa pua. Mzuri jamani! Ila naona ana upweke. Nimekwenda kwa muuza samaki. Kaniapia kwamba chewa hakai pango moja na yeyote. Anajua nini huyo kuhusu mapenzi? Nimemletea mchumba. Nimechagua mdogo, mwembamba, asije akamsumbua mwenyeji. Wamekutana sasa hivi mlangoni pa bomba. Mwenyeji kafurahi hadi kinywa wazi.