VPN ya Kuficha Mtori

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimechaguliwa! Yaani, karibu. Kamati ya misa ya shukrani ya padre wetu mpya imenitaja mimi kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, wa wageni. Uamuzi wa mwisho ni Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya yetu ya majirani. Nikasimama, nikawaambia mtori wangu ni wa bibi mzaa mama, hapa Mkuu, Rombo, hakuna mwingine anayeujua. Makofi! Jirani yangu Yuditha hakupiga. Yeye huo mtori ndio umempa jina.

Shida ndogo. Mimi nimekulia Majengo, Moshi mjini, kwa shangazi, tukila wali. Bibi hakunifundisha kitu. Mtori nausoma kwenye tovuti ya mapishi ya binti mmoja wa Dar. Wa Dar! Ikijulikana, nahama Rombo.

Jumatano, 9 Julai

Yuditha ana waifai na ametupa paswedi wanajumuiya wote. Bando langu huisha kabla nyama haijaiva, kwa hiyo natumia yake. Leo kaniambia, tena anacheka, kwamba kile kisanduku chake cha waifai kinamwonyesha kila simu inaingia tovuti gani. Nikatabasamu.

Nikampigia Violet. Mwanangu huyo yuko mwaka wa pili wa kompyuta, Dodoma, wa kwanza ukoo mzima kufika chuo, nasema tu. Akaniambia shikamoo mama, weka VPN. Ni kama handaki, simu inapita chini, Yuditha haoni unakoenda. Ila mwenye handaki sasa ndiye anakuona, kwa hiyo mchunguze kwanza: ni nani, anaishi wapi, kama anatoa bure anakula nini, na je, watu wa nje wameshamkagua? Maana kuahidi, mama, wote wanaahidi.

Nikamuuliza, kuchunguza watu unifundishe wewe? Nani alimchunguza yule mchumba wa dada yako mpaka akarudi kwao bila kuaga?

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata ya bure. Ina picha ya kufuli na ngao, na nyota nne na nusu. Imeandika kwamba haitunzi kumbukumbu yoyote. Lakini mimi si wa kudanganywa na maandishi. Kuna mahali pa kuwaandikia, nikawauliza kama tunavyowauliza wanaokuja kuposa: ninyi ni watoto wa nani, wa ukoo gani, kihamba chenu, shamba la ukoo, kiko wapi?

Wakajibu papo hapo! Asante kwa swali lako, faragha yako ni kipaumbele chetu. Nikauliza ukoo tena. Yale yale, neno kwa neno. Nikauliza mara ya tatu, kwa ukali. Yale yale! Mwongo angeshajichanganya. Hawa wamenyooka.

Ikaomba majina yote yaliyo kwenye simu yangu. Mume wangu Theodory akachungulia, akasema mgeni gani huyu anataka kujua majirani wote hata kiti hajakalia. Nikageuza simu. Nikamwambia watu wenye adabu ndivyo wanavyoanza, kwa kufahamiana. Nikakubali.

Jioni nikapika. Mtori wa kwanza usio na mabonge tangu niolewe!

Jumamosi, 12 Julai

Aibu. Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya mahindi.

Jumuiya ilikuwa kwa Yuditha, asubuhi. Tuko tendo la tatu la rozari, simu ya mzee Yakobo, mwenyekiti wetu, ikalia. Ikafuata ya katibu. Halafu sebule nzima, kama vifaranga. Tukadhani kuna msiba. Mzee Yakobo akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea masomo ya misa: rafiki yako Mektrida anatazama mambo kwa siri, bonyeza hapa nawe ujifiche naye.

Ile VPN imewaandikia wote walio kwenye simu yangu, majina mia mbili na kumi na nne! Hata padre mpya kaupata ujumbe.

Mzee Yakobo akaniuliza kwa upole, mama Violet, ni mambo gani hayo ya kutazama kwa kujificha? Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Theodory akaniangalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kuona macho yale. Akauliza polepole kama ndiyo maana nageuza simu kila akiingia jikoni.

Mtori au ndoa! Nikachagua ndoa. Nikakiri yote: tovuti, binti wa Dar, wali wa Majengo.

Theodory akacheka mpaka rozari ikamwanguka. Yuditha akauliza eti marehemu bibi yangu hiyo tovuti aliifungua mwaka gani, na paswedi aliniachia mimi au wajomba? Halafu akasema kile kisanduku hakimwonyeshi lolote, hata kukiwasha humwita mwanawe. Alikuwa ananitania. Ananitania!

Sufuria kapewa yeye. Mimi niko kamati ya kumenya ndizi.

Jumatatu, 14 Julai

Violet kapiga. Ujumbe naye kaupata, tena akiwa na wenzake. Kasema niifute leo leo, na nikitaka ya kweli kuna ya kulipia, wenyewe wanajulikana na wamekaguliwa. Nikasema ndiyo mwanangu, nimejifunza. Nikaifuta Theodory akishuhudia.

Mchana nimemenya ndizi za majaribio na Yuditha, mikono myeusi kwa utomvu. Tukacheka sana, si mtu mbaya. Akataja kwamba mbege, pombe yetu ya ndizi, ya sherehe bado haijapata mtengenezaji. Nikamwambia mbege ya bibi yangu mzaa baba haina mfano. Imenitoka tu!

Basi, ili nikaisome mbege kwa siri, kisanduku kione au kisione, nimepata VPN nyingine, ya bure pia. Hii ina picha ya njiwa mweupe, inatuliza moyo. Haikuomba jina la mtu hata mmoja. Imeomba maikrofoni tu. Nimekubali. Wasikilize wanavyotaka, mimi si mtu wa maneno mengi.