Stesheni ya Muheto na Ng'ombe wa Urafiki

Mvua ndiyo iliyoanzisha mambo haya. Ilimkuta Prince Dusabimana kwenye matope ya Muheto, juu ya pikipiki, akitoka kuwauzia watu wa Nyabiondo dawa ya kuotesha nywele ambayo ilikuwa mafuta ya mawese yaliyotiwa manukato. Akaisukuma pikipiki hadi kwenye jengo refu la matofali lililosimama peke yake kando ya kilima. Lilikuwa ghala la pareto la enzi za Wabelgiji, na mbele yake kulikuwa bado na jukwaa la mawe la kupakilia mizigo. Mtu mwingine angeona ghala bovu lenye popo. Prince aliona stesheni ya treni, au gare kama wasemavyo huku, na akaisikitikia serikali kwa kusahau kuileta reli.

Msomaji asiyeijua Masisi, huku mashariki ya Kongo, aelewe jambo moja. Treni haijawahi kufika huku, na hata barabara yenyewe hufika kwa kusitasita. Lakini Prince alikuwa na imani yake: kitu ambacho hakijawahi kuwapo ndicho rahisi kuuza, maana mnunuzi hana kingine cha kukilinganisha nacho.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walimkuta amesimama juu ya jukwaa lile, kichwani kofia yenye utepe wa dhahabu aliyoipata kwa mpiga tarumbeta wa Goma. Akajitambulisha kuwa ni ingénieur, mhandisi wa reli. Akawasimulia historia: jinsi Wabelgiji walivyoijenga gare ya Muheto, jinsi treni ilivyopita hapa ikibeba pareto, viazi na mapadre, na jinsi vyuma vilivyong'olewa usiku mmoja na watu wasiojulikana. Sasa treni inarudi. Akaonyesha tundu la ukutani: hapo tiketi zitakatwa. Akaonyesha pembe yenye popo wengi: hapo wasafiri watasubiri. Na hapa mlangoni, alisema akishusha sauti kama anayetaja jina la marehemu, patakuwa na buffet, mahali pa pekee pa kuuzia chakula, pa mtu mmoja tu.

Muheto hakuna anayependa kuwa mtu asiyekumbuka. Papa Sebahire, mzee ambaye katika maisha yake hajawahi kukubali kupitwa na habari, alisema treni hiyo aliipanda hadi Ngungu na viti vyake vilikuwa laini. Mama mmoja akadai shangazi yake alizaliwa ndani yake. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wanagombania rangi ya treni, na Prince mwenyewe akaichukua ile ya Sebahire kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko yake. Walimwuliza kama treni itamsubiri mtu ambaye bado anaagana na wenyeji wake. Akajibu kwamba itasubiri, ila wenyeji wapunguze maneno.

Mtu mmoja tu hakukumbuka chochote. Huyo alikuwa Mama Libérata, mjane anayetengeneza jibini nzuri kuliko zote za kilima kile. Tatizo lake lilijulikana kwa kila mtu: mvua ikinyesha, waendesha pikipiki wa kukodi hukataa kupanda Muheto, na jibini zinabaki darini hadi panya wanazimaliza. Msimu huo zilikuwa zimebaki nyingi, na wateja wake wa Sake, mji wa huko chini, walikuwa wameanza kununua kwa wengine. Ikiendelea hivyo, kazi ya mikono yake ingekufa. Aliketi pembeni, akamsikiliza ingénieur, akaitazama pikipiki yake kwa makini.

Prince naye alikuwa anamtazama mmoja wa ng'ombe wa Libérata, Gaju, mwenye rangi ya udongo mwekundu na pembe ndefu za kujivunia. Akaenda kumtembelea mjane huyo, akamvika mama wa watu kilemba cha ukoka, akamwambia buffet hiyo inamngoja yeye na jibini zake.

"Ila mimi sikamatake feza, Mama," alisema. "Feza njo rushwa. Kama moyo yako inapenda, unipe tu zawadi."

Hapo alikuwa mjanja kweli. Anayepokea malipo anaweza kushitakiwa, lakini zawadi haina kesi. Mchinjaji mmoja wa Sake, Théogène, alikuwa ameshamwambia kwamba ng'ombe yeyote atakayeletwa atanunuliwa.

"Zawadi," Libérata alirudia polepole. "Basi nitakupa Gaju. Lakini ng'ombe haipewake muntu mu kificho, kaka. Tutaita bantu."

Prince alizaliwa mjini. Alidhani ni sherehe ya washamba, akakubali kwa furaha. Siku iliyofuata kijiji kizima kilikusanyika. Esdras, shemeji yake Libérata, alimsifu Gaju kwa maneno marefu, ukoo wake na mwendo wake, kana kwamba anamwoza binti. Prince akapewa maziwa, akanywa mbele ya wote. Akashikishwa kamba. Watu wakapiga makofi, na Sebahire akatangaza kwamba tangu sasa nyumba hizi mbili ni moja.

Ndipo Libérata akasimama, akafunga vizuri kitenge chake.

"Rafiki yangu," alisema, "mimi nilikupa ng'ombe. Leo niko na shida moja ndogo. Unipe hii pikipiki, nishushe fromage yangu Sake."

Prince akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akaeleza kwamba pikipiki ni ya kazi ya reli. Sebahire akamnong'oneza, kwa upole wa mtu anayemwokoa mgeni, kwamba aliyekupa ng'ombe hanyimwi ombi lake la kwanza. Huko Muheto hata wezi wanalijua hilo. Prince akapiga hesabu za kichwani: pikipiki ilikuwa kuukuu, Gaju alikuwa mnene. Akatoa ufunguo kwa tabasamu la mtu mkarimu, akaondoka kwa miguu akivuta ng'ombe, moyo wake ukiimba.

Njiani moyo uliacha kuimba. Habumugisha, mpwa wa Libérata, alikuwa ameshapita na pikipiki iliyosheheni jibini, akiwasalimia watu wa kila kijiji na kuwapa habari. Kwa hiyo kila mahali Prince alipopita alipongezwa. Wazee walimshika mkono. Wanawake walimwuliza Gaju amelalaje. Alipofika Sake, miguu imevimba, Théogène alimkaribisha kiti lakini hakugusa kisu.

"Hii ni Gaju ya Mama Libérata," alisema. "Ng'ombe ya urafiki haichinjwake, kaka. Nikiichinja, nani atakula nyama yangu? Tena ni mkweche, imezeeka. Haina hata maziwa."

Prince alijaribu kwa mchinjaji wa pili na wa tatu. Wote walimpongeza. Wakati huo alipitwa na pikipiki yake mwenyewe mara kadhaa, ikipanda tupu na kushuka imejaa, na kila mara Habumugisha alimpigia honi ya heshima. Alishikwa na hasira, na aibu pia, jambo ambalo hakulizoea. Mwisho akageuza ng'ombe, akapanda naye tena Muheto.

Alimkuta Libérata akikamua jibini mpya kwenye kitambaa. Alikuwa mwenye furaha, na hakuificha. Prince akavua kofia.

"Mama, nikuambie ukweli. Treni haitakuya. Hakukuwaka gare hapa. Mimi si ingénieur."

"Najua. Baba yangu njo alikuwa anabeba pareto mu ile nyumba."

"Na Papa Sebahire? Alisema aliipanda."

"Papa Sebahire anapenda safari," alisema Libérata.

Prince akamnyooshea kamba. Akasema kwamba kwa kuwa treni ilikuwa uongo, basi warudishiane: Mama achukue Gaju wake, naye Prince apewe pikipiki.

Libérata akajifuta mikono taratibu. Akampapasa Gaju shingoni, akamwuliza hali yake kwa sauti ndogo. Kisha akaishika kamba, akaizungusha mara moja kwenye kiganja cha Prince, akamfumba vidole juu yake.

"Treni njo ilikuwa uongo, rafiki yangu," alisema. "Ng'ombe nilikupa kweli."