Jinsi Gharib Mrefu Alivyoteka Kiti cha Nyuma

Nyamazeni, enyi wa Mji wa Kale mliojaa barazani, nanyi wa Kizingo mwendao kwa gari hata duka la pili! Vita visimuliwavyo hapa vilipiganwa katika yadi ya magari kule Tudor, na kilichomwagika humo ni jasho tu.

Hapo ndipo aliposimama Gharib, mwalimu wa chekechea, Shujaa wa Magoti Masikioni, ambaye gari lake dogo alilivaa kama kanzu ya mdogo wake. Ili miguu ipate pa kukaa, alikisukuma kiti nyuma hata mwisho. Na nyuma ya kiti hicho, kwa kuwa adabu haimruhusu kuketi mbele ubavuni mwa mkwe, alibanwa mama mkwe, Bi Bimdogo. Siku ya Idi bibi alishuka akichechemea, akaapa kwamba hatapanda tena gari la Gharib. Na sasa harusi ya bintiye mdogo i mlangoni. Asipopanda, atachukuliwa na Huzaifa, mkwe mwingine, aliyebarikiwa ufupi, na Gharib atachekwa barazani mpaka wajukuu wake waote mvi.

Kenneth, muuzaji, Jemadari wa Maneno Matamu, alianza kwa kumpa gari lenye dirisha la kioo juu ya paa. Gharib akaingia. Dari likamshukia, kofia ikamfika kwenye nyusi.

"Mwalimu, laza kiti kidogo tu, utaenea," Kenneth alisema.

"Ewe Kenneth!" alinguruma shujaa. "Nimeinama milangoni, nimeinama chini ya mafeni, nimeinama hata katika picha ya harusi yangu. Leo siinami!"

Gari la pili lilikuwa na dari la kutosha, ila usukani ulimkalia magotini. Akalishinda kwa ujasiri mkubwa wa kutoka nje. La tatu, SUV ya kiasi, kiti chake kilishuka, usukani ukapanda, kofia ikasimama wima. Gharib aliketi humo kama mfalme aliyerudishiwa nchi.

Lakini mfalme ana mkwe. Mkewe, Swafia, akamleta Bi Bimdogo, wakamketisha nyuma ya dereva, kwani gari bado si la Gharib na kiapo hakijavunjika. Hapo ushujaa wote ukayeyuka. Ni mwanamume gani wa Mvita awezaye kumuuliza mama mkwe habari za magoti yake? Bibi alikuwa nyuma ya shingo yake, karibu hata pumzi zikisikika, naye Gharib akapeleka ubalozi.

"Swafia, hebu muulize mamako kama pamemwenea."

"Mama, yuwauliza kama pamekuenea."

Gharib aliogopa, tena sana, maana alimpenda bibi yule kuliko alivyothubutu kusema. Nyuma kulisikika miguu ikinyooshwa, kisha viatu vikivuliwa.

"Mama, karibu ushuke," Kenneth alisema, "tukamalize mambo ofisini."

"Swafia," alijibu Bi Bimdogo, macho keshayafumba, "mwambie mumeo aende akamalize. Mimi nishaketi, siteremki."

Basi na iingie katika tarikhi za Mvita kwamba siku ile, juani, kati ya magari yasiyouzwa, mama mkwe alikoroma, na Gharib Mshindi akasimama mlangoni akiwafukuza wateja wasije wakamwamsha.