Kona ya Tangavík

Zimeni redio, enyi wenye masikio, na aliyeshika kikombe akiweke chini, maana naisimulia vita kuu ya Tangavík, kijiji chetu cha kando ya bahari, siku ile Tummas mwana wa Elspa, jemedari wa benchi la mbao, mwenye koti lisilopitisha mvua wala ushauri, alipoidai dunia goli moja tu.

Msimu mzima jeshi lake halikuwa limefunga. Dada yake Marjun, malkia wa duka la kijiji, alikuwa amempasulia mbele ya wateja: "Kaka, kocha ni wachezaji. Wewe unao? Una mkata manyoya ya kondoo na mpiga kinanda wa kanisa!"

"Kocha ni akili," akanena Tummas. "Msimu ukiisha bila goli nakukabidhi kipenga changu, na habari za mpira hutanisikia nazo tena."

"Haya, umesema mwenyewe. Mashahidi hawa hapa."

Basi ikawadia mechi ya mwisho, dakika ya themanini na tisa, na majeshi ya mjini yalikuwa yamekwisha kulivunja lango letu mara tisa. Tummas akakishika kipenga shingoni mwake akaogopa, aliogopa kwelikweli, maana Jumapili bila mpira hakujua angezifanyia nini. Ndipo beki mmoja wa mjini, kwa kiburi cha walioshiba, akautoa mpira nje ovyo. Kona!

Akasonga mbele Hanus mkata manyoya, tishio la kondoo wote na si la kiumbe kingine chochote. Rói wa kinanda akalala kifudifudi topeni, akaushika mpira kwa kidole usije ukapeperuka, kama tufanyavyo kwetu.

"Hanus!" akanguruma jemedari. "Usipige golini! Piga kule baharini, juu kabisa! Upepo utaurudisha!"

"Baharini? Kocha, umelewa? Goli si hili hapa!"

"Nimezaliwa kwenye upepo huu, bwana! Piga!"

Kipa wa mjini akacheka, akatoka langoni aone vizuri kituko hicho. Hanus akaja mbio, mguu ukafyatuka, na mpira ukapaa kuelekea baharini hadi wenye kofia wakazishika. Huko juu ukasita. Kisha upepo ukaubeba, ukaurudisha juu ya vichwa vya wenye vipaji wote wa mjini, juu ya kipa aliyekuwa akirudi kinyumenyume, ukatua wavuni.

Kijiji kikalia kwa furaha, na Tummas akalia kupita wote.

"Upepo huo ndio uliofunga!" Marjun akapiga kelele.

"Umevuma kwa timu zote mbili, dada. Wao na vipaji vyao mbona hawakuutumia?"

Hanus akamkumbatia, akamnong'oneza: "Kocha, usinichukie. Mimi nililenga goli. Niliteleza."

Jemedari akamtazama shujaa wake aliyetapakaa matope toka kisogoni hadi visiginoni.

"Sawa," akasema. "Msimu ujao tutafanya mazoezi ya kuteleza."

Hivyo ndivyo Tangavík ilivyoingia katika historia, tisa kwa moja. Jioni hiyo Marjun aliyaandika matokeo kwa mkono wake kwenye mlango wa duka, na ile moja akaiandika kubwa kuliko tisa.