Sungura Wameondoka, Mimi Nipo

Jumatatu, 3 Machi
Wamekwenda! Sungura wote kumi na wanne, kapewa mfugaji mmoja awachukue. Miaka ishirini na saba nimewalisha katika maabara hii, hakuna aliyenifia kwa njaa. Hakuna! Daktari, binti wa rika la wajukuu zangu, kasema mfadhili mpya anatoa fedha kwa utafiti usiotumia wanyama. Dawa sasa zitajaribiwa kwenye chembe hai za ini la mtu, zinazokuzwa ndani ya visahani. Kasema, babu, kapumzike nyumbani. Nyumbani kuna kiti na ukuta.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kazini. Mlinzi wa getini kauliza, mzee umesahau nini? Nikamwambia nimesahau kustaafu. Kacheka, kafungua.
Nikampa Daktari hoja: chembe zikiwa hai, zinakula, zikila, zinataka mchungaji. Fundi wa kuchunga ni nani kama si mimi? Kasema kabati la joto linazitunza lenyewe. Kabati! Kitu kisichojua hata kuitikia salamu.

Jumatano, 5 Machi
Nimefagia vizimba vitupu. Mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Mchana, Daktari na wenzake wamekwenda kula. Nikalifungua kabati. Masikini, zimefunikwa gubigubi! Nikavua vifuniko vyote zipate hewa. Nikazipigia soga saa nzima, habari za mwanangu aliye ng'ambo. Hazikunikatiza. Yeye simuni hunikatiza.

Jumamosi, 8 Machi
Visahani vyote vimeota ukungu. Kazi ya miezi mitatu! Na Jumatatu mfadhili anakuja kukagua. Asipoona kitu, fedha hazitoki. Daktari kauliza taratibu, babu, ulizigusa? Nikasema mimi nilionya mapema, kabati lile bovu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kaomba kitambulisho changu, kageuka dirishani, mabega yanamtikisika. Mlinzi kaambiwa asinifungulie tena.

Jumapili, 9 Machi
Simu haijalia. Nimeikagua, nzima.
Lakini kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu! Mfadhili hataki wanyama. Chembe zimeoza. Kimebaki nini? Mtu! Nimeandika barua: Nipimeni mimi. Si mnyama, sing'ati, nakula chochote. Sharti langu moja: kila asubuhi mtu aje aniulize nimeamkaje, na jibu aliandike.
Daktari atanishukuru. Kesho alfajiri napitia ukuta wa nyuma wa maabara. Barua nitaiweka ndani kabisa ya kabati, katikati ya visahani vipya alivyoanza kuotesha Daktari jana, aione mara tu akifungua.