Uzinduzi wa Darasa la Washauri Nasaha, Jiwe Likiwa Bado kwa Pikapu

Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi. Naibu wake, ambaye ni shemeji yangu Muchiri. Askofu wetu, aliyeomba mpaka chai ikapoa. Wazee wa Nyeri mliovaa kofia na nyinyi mliozikalia. Bwana Hiren wa hardware, aliyetupa simiti bila kuuliza ni ya nini. Akina mama wa Kutus na Wang'uru, na nyinyi wote mliosimama huko nyuma karibu na sufuria: kama nimeruka mtu, ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mzee mmoja anaamka.)

Mimi, Daktari wa Heshima Kingori, Mratibu Mkuu wa Utulivu wa Fikra, Kanda ya Mlima, niko na furaha isiyo na bajeti kuzindua Mafunzo ya Uzamili ya Washauri Nasaha Wenye Leseni, mradi ambao, kwa mujibu wa framework, roadmap na mashauriano ya kina na stakeholder wote, tuliokutana nao kwa hoteli moja nzuri sana, utapunguza mawazo ya wananchi kwa asilimia mia moja na kumi. (Makofi. Mtu anauliza hiyo kumi ni ya nani.) Hiyo kumi ni yangu.

Nimeambiwa wanafunzi hawa watasikiliza watu, chini ya msimamizi, hadi wastahili leseni. Hapo nikakataa. Mtu alipwe kunyamaza? Mimi nimeshauri watu miaka yote hii na sijawahi kusikiliza hata mmoja. (Kicheko.) Tena ati siri ya mteja haitolewi, ilhali serikali yetu ni ya uwazi. Nimeagiza siri hizo zisomwe kwa baraza ya chifu, na mwenye siri asimame apungie watu mkono. (Akina mama wanatazamana.)

Na tuko na mfano hai. Simama, Wakiuru. Huyu msichana wa Wang'uru alimaliza ya darasani, amebakisha tu hayo masaa ya kusikiliza wateja. Aliposikia tangazo langu kwa redio, akaacha kazi kwa kinu cha mchele, na mama yake Wachuka, yule pale wa kitambaa, ameambia kanisa lote. (Makofi marefu. Wakiuru anainua mkono.)

Uliza, mami. Anauliza darasa liko wapi, na msimamizi ni nani. Swali la kitaalamu kabisa, na jibu lake liko kwa mchakato. Uliza lingine, rahisi. Sasa anauliza ati mimi hulala aje. (Kicheko.) Nalala kama gogo. (Wakiuru anamtazama, amenyamaza.) Karibu kila usiku. (Bado amenyamaza.) Isipokuwa nikiwa na uzinduzi kesho yake. Msichana, mbona huongei?

(Anakunja karatasi ya hotuba.)

Ni hilo jiwe la msingi, hapo kwa pikapu. Usiku nalisikia hapa kifuani. Tulilizindua Kutus, tukalizindua Sagana, ni lile lile, tunapaka tu rangi tuandike jina la mji mwingine. Muchiri, kaa chini, wacha nimalize, nasikia afadhali. Jana mama Wakiuru alinipigia simu, nikadhani ni matusi. Kumbe ananishukuru. Akaniombea kwa hiyo simu, na mimi nikasema amina. Sikulala.

Basi nifunge. Mlima tulivu, fikra safi. (Hakuna anayeitikia.) Leseni kwa kila boma. (Mbwa anabweka.) Nawashukuru kwa kuja kwa wingi kuzindua mradi ambao haukuwahi kuwa, hata siku moja, hata kwa karatasi. Vijana, msishushe jiwe, liacheni kwa pikapu.

Wakiuru, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunisikiliza mpaka mwisho. Naweza kukuona tena kesho?

(Wakiuru anamshika mama yake mkono, wanaanza kutoka. Anajibu akiwa mlangoni pa hema: "Siruhusiwi, Mheshimiwa. Sina leseni.")