Foleni Isiyo na Kengele

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba, tangu Jumatatu ile, hakuna barua ya mheshimiwa yeyote iliyopigiwa kengele. Tulikuwa wa kwanza kufanya hivyo, na mpaka leo hakuna aliyetuiga.

Nieleze kidogo. Mimi nilisomea utunzaji wa majalada, lakini ndimi Mkurugenzi Msaidizi wa Foleni na Kengele, kwa hiyo haya nayajua. Barua za kompyuta huingia kwetu kupitia kadi ya mtandao, kijibao cha ukubwa wa kiganja kilichochomekwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya idara. Kadi inaiweka barua kwenye foleni yenye nafasi mia mbili hamsini na sita, halafu inaipigia seva kengele: acha unachofanya, kuna mgeni. Foleni ikijaa, barua inayofuata inatupwa. Haitupwi kwa ubaya. Inatupwa tu, na hakuna anayeambiwa.

Wiki hiyo Mkurugenzi alikuwa anasubiri barua moja. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na wizara ilishamnong'oneza kwamba barua ya kumwongezea miaka mitano iko njiani. Akijibu kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, kiti ni chake. Akinyamaza, amekataa.

Basi Jumatatu, mimi nikimfuata na daftari, akaingia chumba cha seva, ambako hajawahi kukanyaga. Fundi wetu wa mtandao, ambaye sote tunamwita Dada Nyaya, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati.

"Fundi, barua yangu ikija inapita wapi?"

"Hapo hapo wanapopita wote, bosi."

"Wote nani?"

Dada Nyaya akachungulia skrini. "Sasa hivi kuna mkunga anaomba leseni. Nyuma yake kinyozi. Nyuma ya kinyozi, mkunga tena, maana hajajibiwa."

Mkurugenzi akanitazama. Nikaandika "mkunga" kwenye daftari, nikapiga mstari.

"Kadi hii ina foleni ngapi?"

"Mbili. Ya pili ni ya siku za msongamano."

"Ya pili iwe ya waheshimiwa. Na huko kengele isipigwe. Mheshimiwa haingii kwa kengele kama baiskeli ya aiskrimu."

Dada Nyaya akasimama, akajipangusa magoti. "Kuzima kengele si vibaya, bosi. Barua zikizidi hata mimi naizima, kwenye draiva, hiyo programu inayoiendesha kadi. Lakini nikiizima naiambia seva ichungulie foleni yenyewe mpaka iishe, ndiyo naiwasha tena. Ukizima, na hakuna anayechungulia, inajaa."

"Barua za waheshimiwa zichunguliwe na mashine?" Alishangaa kweli. "Iundwe kamati."

Kamati ya Kuchungulia iliundwa kabla ya chai. Ina wajumbe tisa, katibu ni mimi, na inakutana kila baada ya miezi mitatu. Dada Nyaya aliomba agizo kwa maandishi, akapewa, akalitia kwenye plastiki, akalibandika ubavuni mwa kabati.

"Dada yangu, hujiamini?" nikamuuliza.

"Najiamini sana, kaka. Ndiyo maana nataka sahihi."

Mafanikio yalionekana mara moja. Mkunga alipata leseni yake Jumanne, akiwa katikati ya kuandika ombi la tatu. Foleni ya waheshimiwa nayo ilitulia kabisa. Kufikia Jumatano mchana ilikuwa na barua mia mbili hamsini na sita, na ukisoma vichwa vyake tu, zote zilikuwa za wakuu wa idara nyingine, wakimpongeza Mkurugenzi kwa kuwafungulia foleni.

"Ya wizara imo?" akauliza Mkurugenzi.

"Humu haimo, bosi. Kama imekuja baada ya pongezi, imetupwa. Niwashe kengele?"

"Uniaibishe? Kamati ikutane kwa dharura."

Nikatuma mialiko. Wajumbe wote ni waheshimiwa, kwa hiyo mialiko ilipita foleni yao. Hakuja mtu. Alhamisi nilimshauri apige simu wizarani, akanikumbusha kwamba simu nayo ni kengele. Ijumaa saa kumi ilimkuta amekaa ofisini, koti limefungwa vifungo vyote, anaitazama kompyuta.

Jumatatu wizara iliniandikia kwamba, kwa kuwa Mkurugenzi amekataa, nikaimu nafasi yake. Ilinifikia papo hapo, maana nilikuwa bado sijawa mheshimiwa.

Saa mbili baadaye Dada Nyaya akaja na karatasi. "Ya mzee wetu. Ameituma kama mwananchi wa kawaida, kengele imelia, imeingia ndani ya sekunde."

Nikaisoma. Wizara imempa siku saba za kukata rufaa, ila lazima niidhinishe mimi. Ananiomba, mdogo wake niliyekula naye sahani moja, niifanye haraka.

Iliniuma. Mtu ametumikia kiti kile miaka kumi na miwili, leo anasukumana na vinyozi.

"Ihamishie foleni ya waheshimiwa," nikasema.

"Kaka, ile imejaa."

"Heshima ni heshima. Na sasa niite bosi."

Dada Nyaya hakubisha. Alinisogezea kalamu na karatasi ya agizo, akafungua droo, akatoa plastiki nyingine.